Shajara ya kijito cha Makalder: kuzuia maji mekundu yasifike Mto Migori

18 Januari

Leo ndio tumeanza rasmi. Tuko watu kumi na wanne, wamama tisa na vijana watano, na mimi nimepewa kazi ya kuandika juu nafanya kwa maabara ya shule, nimezoea kupima vitu, basi wakasema huyu ndiye atatuwekea rekodi. Nitaandika kila kitu vile kimeenda, pesa ikipotea nitaandika, kitu ikikataa nitaandika, ndio mwenye anataka kufanya kama sisi kwa mto wa kwao asianze kutoka sifuri.

Kwa wenye hawajafika huku: Macalder, sisi tunasema Makalder, iko Nyatike, Kaunti ya Migori, ukitoka Migori mjini unapitia Masara. Enzi za mkoloni walichimba shaba hapa, pamoja na dhahabu, fedha na zinki, na mgodi ukafungwa 1966. Wenye mgodi wakaenda, mashine zikanyamaza, lundo la marudio likabaki. Marudio ni ule unga wa mawe yaliyosagwa yakatolewa madini, kisha ukamwagwa nje. Hapo kwa lundo hakumei kitu, ni uwanda tu wa kijivu na manjano, na chini yake Mto Migori unapita ukienda kuungana na Kuja, halafu Ziwa Victoria.

Lundo lote hatuliwezi. Tumechukua korongo moja tu, lenye kijito kidogo kinachotoka ubavuni mwa lundo hadi mtoni, mwendo wa kama mita mia tatu. Ukisimama hapo unaona mawe yote yamepakwa rangi ya machungwa kama bati lililoshika kutu. Hakuna chura. Hakuna hata yule mdudu wa kutembea juu ya maji, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi, juu kijito cha jirani hata si kisafi sana lakini wadudu wamejaa.

Vipimo vya leo vya pH, yaani kipimo cha asidi: juu kabla maji hayajagusa lundo 7.2. Chini ya lundo 3.1. Penye kijito kinaingia mtoni 3.4. Kwa mwenye hajazoea, 7 ndiyo katikati, na kila ukishuka namba moja asidi imezidi mara kumi, si mara mbili, kwa hivyo kutoka 7 hadi 3 ni mara elfu kumi. Nilipowaambia hivyo watu walinyamaza kidogo.

Sababu yake ni hii. Mawe ya hapa yana salfa ndani, hasa pairaiti, ile ya kung'aa manjano yenye hudanganya watu wageni ni dhahabu. Ikiwa chini kabisa ndani ya mwamba bila hewa imelala tu, haina shida na mtu. Ukiisaga iwe unga ukaianika nje, hewa na maji zinaifikia kila upande, inageuka asidi ya salfuriki na chuma, na kuna bakteria wanaishi kwa hiyo asidi, hao wanaharakisha kazi zaidi. Asidi ikishakuwepo inayeyusha shaba, zinki, aseniki, inabeba zote inateremka nazo. Na haijui kama mgodi ulifungwa, kila mvua inaanza upya.

Mama mmoja ameuliza kama akichemsha maji ya hapo yanakuwa salama. Nimemjibu hapana, na naandika hapa kwa herufi kubwa ndio isomwe: KUCHEMSHA HAKUTOI ASENIKI WALA SHABA. Kunaua vijidudu tu, na madini yanabaki yakizidi kukolea juu maji mengine yameenda na mvuke. Dawa ya klorini pia haitoi. Shirika la Afya Duniani linasema aseniki kwa maji ya kunywa isipite miligramu 0.01 kwa lita, hiyo ni kidogo sana huwezi kuiona wala kuionja.

25 Januari

Leo tulitembea korongo lote na Dani, nyanya wa miaka mingi mwenye shamba lake linapakana na lundo. Nilienda na mita yangu ya kupima pH, yeye akaenda na fimbo yake, na nakubali fimbo ilijua mengi.

Alinisimamisha mahali pakavu kabisa, akasugua udongo na kidole cha mguu, akasema, "Nyathina (mtoto wangu), ona hapa." Kulikuwa na unga mwembamba juu ya marudio, mahali pengine njano, mahali pengine kijani kama ya bluu, kama chumvi. Akasema wakati wa kiangazi huo unga unaota kila mahali, na ikinyesha mvua ya kwanza unapotea wote kwa siku moja, na hiyo siku yeye hafungui ng'ombe. Mvua ya pili na ya tatu anaweza kuwapeleka mtoni penye maji ni mengi, lakini ya kwanza hapana, alijifunza akiwa bado bibi arusi kwa hii boma, walipopoteza ndama wawili.

Nilirudi nyumbani na kipande cha hiyo chumvi kwa chupa, nikaitia kwa maji safi kijiko kimoja tu. Mita ikasoma 2.4.

Ni hivi, Jua linavuta maji juu kutoka ndani ya lundo, maji yanakauka yanaacha chumvi za chuma na za shaba juu, asidi ikiwa imefungwa ndani yake. Miezi mitatu ya kiangazi imehifadhiwa hapo ikisubiri. Mvua ya kwanza inaiosha yote kwa pamoja. Kwa hivyo ukipima Januari ukasema umejua kijito, bado hujakijua. Dani amekijua zaidi ya miaka arobaini bila mita.

2 Februari

Baraza kwa chifu. Tumepata barua ya chama cha watumiaji wa maji, WRUA, na tumeambiwa utaratibu wa kibali cha kugusa mkondo wa maji. Ofisi moja tumeenda mara nne, mara ya nne tukapata mtu. Siongezi neno.

Kazi ngumu ilikuwa vijana wa karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Wao wanachukua marudio ya zamani wanasaga tena na kuosha, juu bado kuna dhahabu imebaki, na hiyo ndiyo inalipa karo za watoto hapa, hakuna mtu atakudanganya kuna kazi nyingine. Walidhani tumekuja kufunga lundo. Mmoja akasimama akasema, "Nyinyi mnataka mto usafike sisi tulale njaa." Jaduong' (mzee) mwenyekiti akamwacha amalize, halafu akamuuliza maji ya chai kwake nyumbani huteka wapi. Hakujibu ila alikaa chini, na baadaye ndiye alikuja kuniuliza tutaanza lini.

9 Februari

Mawe ya chokaa yamefika kutoka Koru, tipa moja. Kutoka Koru hadi hapa ni mbali, Ahero, Kisii, Rongo, Migori, halafu barabara ya vumbi, na nauli ya tipa imekula pesa kuliko mawe yenyewe. Kabla ya kulipa nilichukua jiwe nikamwagia siki, likatoa povu. Mawe meupe si yote ni chokaa, ukiletewa mengine mazuri kwa macho utajenga mfereji wa bure. Fanya hivyo mbele ya dereva.

23 Februari

Mfereji wa mawe umeisha, mita arobaini, tumepanga mawe makubwa ya kiasi cha ngumi mbili, maji yanapita katikati na juu. Wazo ni rahisi: chokaa inakula asidi. Siku ya kwanza tulifungua maji saa nne asubuhi. Chini ya mfereji: 5.4!! Kutoka 3.1. Wamama walipiga vigelegele, mimi mwenyewe niliimba. Nilipima mara tatu nikidhani mita imeharibika.

8 Machi

Imenyesha. Mvua ya kwanza, usiku, kubwa.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa hapo na Dani na vijana wawili. Kijito hakikuwa kijito tena, kilikuwa kimejaa korongo, rangi ya chai ya rangi, povu njano kando kando. Juu ya mfereji 2.6. Chini ya mfereji 2.8. Mita zetu zote arobaini za mawe zimefanya 0.2. Ndoo ya lita ishirini ilijaa kwa sekunde tano, kitu siku zote tukiweka ndoo tunangoja dakika mbili.

Penye kijito kinaingia mtoni tuliokota samaki saba, wadogo, wameinua matumbo. Wanne walikuwa ningu. Mwenye amekulia huku anajua ningu maana yake nini, ndiye samaki hupanda mto mvua ikianza kwenda kutaga mayai juu, zamani watu walikuwa wanangoja hiyo siku na vikapu. Kwa hivyo ile siku samaki anapanda ndiyo siku lundo linashusha sumu yake yote, mguu kwa mguu wanakutana mdomoni mwa kijito. Shaba inaingia kwa mashavu ya samaki, anashindwa kupumua akiwa ndani ya maji. Nilikaa juu ya jiwe nikaangalia wale samaki. Sijui nilikaa muda gani.

Ng'ombe wa Dani hawakutoka boma.

15 Machi

Mvua imepungua, maji yamepungua, nikatarajia mfereji utarudi kwa 5.4. Umerudi kwa 3.6.

Tulitoa mawe tukayaangalia. Yote yamevaa ngozi ya machungwa, ngumu, huwezi kuikwaruza na kucha. Ndani jiwe liko zima, jeupe, halijaliwa. Ukilimwagia siki nje hakuna povu, ukilivunja ukamwaga kwa jeraha jipya linachemka. Basi ndio hivyo: chuma ikikutana na chokaa na hewa inaganda hapo hapo juu ya jiwe, inalifunika, na jiwe lililofunikwa ni jiwe la kawaida tu. Tulikuwa na tipa nzima ya chokaa imefungiwa ndani ya kutu.

Hii nilipaswa kuijua. Nimesoma kemia. Kwa maji yenye chuma nyingi unatoa chuma kwanza ndio unaleta chokaa, ama unapitisha maji kwa chokaa iliyofukiwa chini penye hewa haiingii. Sisi tulianza na chokaa juu mawe yanaonekana, unapiga picha, mfadhili anafurahi. Wamama walisugua mawe na brashi ya waya siku mbili, yakarudi 4.9 kwa wiki moja, yakafunikwa tena.

22 Machi

Mkutano mrefu chini ya mwembe. Wengine walitaka tuchange tipa ya pili. Mimi nilikuwa nimechoka na sikuwa na la kusema, na ni Dani tena. Alisema, kwa maneno machache, kwamba sisi tunahangaika na maji yakishachafuka, na yeye kila mvua anaona maji masafi yanatoka shambani mwake yakiingia kwa lundo yenyewe yakitembea. "Kwa nini mnayaacha yaende huko?"

Nikakumbuka 7.2. Namba ya kwanza niliandika kwa hii shajara, maji yako sawa kabisa juu ya lundo, na nikaipita kama kitu haina maana.

Sai mpango ni huu, kwa huu mpangilio. Kwanza mtaro wa kukinga juu ya lundo, maji ya mlima yasiguse marudio kabisa. Pili dimbwi la kutulia, maji yaanguke kwa ngazi za mawe yapate hewa, chuma igande hapo iteremke chini iwe tope. Tatu, dimbwi la samadi. Chokaa mwisho, na kidogo.

29 Machi hadi 5 Aprili

Mtaro wa kukinga. Wiki moja tu! Hatukununua kitu ila mashada mawili ya kamba. Tulipima mteremko na laini ya kiwango, ile ya kamba na chupa kidogo yenye hutumika kupima matuta, na kila mzee hapa ashawahi kuitumia. Tulichimba mtindo wa fanya chini, udongo unatupwa upande wa chini unakuwa tuta, mita mia moja na themanini, kina cha jembe mbili, unamwaga kwa bonde la nyasi upande ule mwingine. Kwa tuta tumepanda napia. Upande huo wa juu udongo ni safi, kwa hivyo ng'ombe wanaweza kula. Nyasi yoyote itaota karibu na marudio hapana, hiyo tumekubaliana na tumeweka miti ya alama.

Mteremko usiwe mkali, maji yakikimbia yatachimba mtaro wenyewe uwe korongo jipya.

13 Aprili

Mvua kubwa jana, karibu kama ile ya Machi kwa macho yangu, sina kipimo cha mvua bado. Ndoo kwa kijito: sekunde kumi na sita. Machi ilikuwa sekunde tano. Theluthi mbili ya maji yenye yalikuwa yanapita kwa sumu yameenda zake bondeni, masafi, 7.0, nimepima.

Niseme vile naona, na mtu anaweza kunikosoa: kama una pesa ya kitu kimoja tu, chimba mtaro. Usinunue mawe, usinunue dawa. Maji ambayo hayajaguswa hayahitaji kusafishwa, na jembe kila boma iko nayo.

Lakini mtaro hauzuii mvua yenye inaanguka juu ya lundo lenyewe, kwa hivyo kijito bado ni 3.0. Kidogo, ila kikali.

Nimekuwa pia nikifikiria Kilembe, hapo Kasese Uganda. Mgodi wa shaba, ulifungwa 1982, marudio yako kando ya Mto Nyamwamba, na mafuriko ya 2013 na tena 2020 yakachimba kando za mto yakabeba marudio hayo. Kwetu lundo liko mbali kidogo na ukingo kwa upande wetu wa korongo, lakini upande wa chini si mbali. Hilo si la watu kumi na wanne. Nimeliandika kwa barua ya kaunti.

27 Aprili

Dimbwi la kutulia limeanza kazi. Tope la machungwa linashuka vizuri. Sina mengi.

10 Mei

Dimbwi la samadi. Hii naielezea polepole juu watu wengi wameniuliza kwa simu.

Tumechimba mita nane kwa tano, kina mita moja, tukatandika karatasi nzito ya plastiki ya kuwekea bwawa. Chini tumeweka mawe ya chokaa yaliyosuguliwa (yale yale ya Koru, hatujatupa kitu), halafu mchanganyiko wa samadi ya ng'ombe na bagasi, yale makapi ya miwa, tumeyaleta kutoka Awendo na trekta. Maji yanaingia juu, yanashuka kupitia samadi, yanatoka kwa paipu chini. Ndani hakuna hewa. Kuna bakteria wengine, tofauti na wale wa lundo, hawa wanakula makapi na wanapumua salfa ya maji badala ya hewa, wanaigeuza, na ikikutana na shaba na zinki zinashikana zinakuwa unga mweusi zinabaki ndani ya samadi. Kwa kiangazi maji yanakaa humo kama siku moja na kidogo kabla ya kutoka. Mvua ikizidi kuna paipu ya juu ya kupitisha ya ziada, haiwezekani kusafisha yote siku ya mvua kubwa, na sitaki mtu adhani tunafanya hivyo.

Chokaa peke yake haingetosha hata bila kutu. Shaba inaganda pH ikikaribia 7, zinki inataka juu zaidi ya hapo, chokaa haifikishi. Kwa njia ya samadi zinki inashikika bila kupandisha pH huko juu.

Tumejaza maji tukafunga. Tunangoja wiki tatu bakteria waamke.

17 Mei

Naandika hii peke yake juu ni ya hatari na nusura tuikosee.

Wale bakteria wanaoshika shaba, hao hao wakipata zebaki wanaweza kuigeuza iwe ile aina inayoingia kwa samaki na kukaa mwilini, kutoka samaki mdogo hadi mkubwa hadi kwa mtu, na inaumiza sana mtoto aliye tumboni. Vijana wa karasha wanatumia zebaki kushika dhahabu. Na maji yao ya kuoshea, mbili kati ya vidimbwi vyao, yalikuwa yanavuja kwa kijito chetu.

Yaani tungejenga kiwanda cha kutengeneza sumu mbaya zaidi na tukipiga makofi.

Nilienda kwao jioni na yule kijana wa baraza. Sikuenda na maneno ya serikali. Niliwachorea kwa mchanga vile inatembea. Mmoja mkewe ana mimba ya miezi sita, aliuliza maswali mengi, sauti yake ikawa ndogo. Tumekubaliana: vidimbwi vyao vihamie upande mwingine wa ukingo, viwe na karatasi chini, maji yazunguke yarudi kuosha tena, hakuna tone linashuka korongo letu. Sisi tumetoa karatasi iliyobaki, wao wametoa nguvu. Wao pia hawatachimba marudio karibu na mtaro. Kuchoma zebaki bado wanachoma wazi, mvuke wanauvuta wao na watoto wao, na hilo bado tunaongea.

1 Juni

Harufu ya mayai viza! Wiki nzima mimi ndio nafurahia harufu mbaya kuliko mtu yeyote Nyatike. Maana yake wameamka. Samadi imekuwa nyeusi tititi.

Tahadhari: hiyo harufu ni gesi ya sumu. Nje penye upepo haina shida kubwa, lakini tumejenga sanduku dogo la paipu lenye kifuniko, na nimekataza mtu kuinamisha kichwa ndani. Ikiwa nyingi pua inaacha kuisikia, unadhani imeisha kumbe ndio imezidi. Fungua, rudi nyuma, ngoja.

Kutoka kwa paipu: 6.5.

14 Juni

6.6. Maji ya kutoka ni meusi kidogo yana harufu, kwa hivyo tumeyapitisha kwa kibwawa cha mwisho kifupi, tumepanda mafunjo, yaani togo, na matete ya odundu kutoka ziwani. Yanapata hewa yanatulia. Watoto walikuja kuangalia, nikawaambia bado si ya kunywa. Bado si ya kunywa. Hata yakiwa meupe kama kioo.

5 Julai

Majibu ya maabara ya Kisumu yamekuja, wiki tano, tulikuwa tumeambiwa siku kumi na nne. Shaba imeshuka sana, chini ya kiwango cha maji ya kunywa cha miligramu 2 kwa lita. Chuma imeshuka. Aseniki imeshuka, na hiyo inaeleweka, aseniki hupenda kushikamana na kutu ya chuma, nyingi imebaki kwa dimbwi la kwanza. Zinki imeshuka nusu tu. Nilitaka zaidi. Nadhani maji yanapita njia moja ndani ya samadi badala ya kusambaa, tutaongeza matawi kwa paipu ya kuingizia.

Lakini hebu fikiria, kama aseniki imebaki kwa tope la dimbwi la kwanza, basi tope lenyewe ndilo sumu. Fundi mmoja alikuja kuliomba akoroge na udongo wa matofali, rangi yake nzuri. Nimemkatalia na nimemweleza, hakukasirika. Tope linatolewa, linakaushwa juu ya karatasi, linafukiwa kwa shimo lenye karatasi chini na juu, sehemu ya juu ya lundo penye mto haufiki, na limeandikwa kwa ramani ya WRUA ndio miaka ishirini ijayo mtu asichimbe choo hapo.

Dimbwi la mbele ya samadi lisiachwe likajaa tope, litolewe kila likifika nusu.

19 Julai

Mfadhili mdogo wetu aliuliza mradi unaisha lini. Nimemwandikia ukweli. Kuna mgodi wa bati kule Cornwall, Uingereza, unaitwa Wheal Jane, ulifungwa 1991, pampu zikazimwa, na Januari 1992 maji yenye asidi yakalipuka kutoka ndani yakageuza mto na ghuba rangi ya machungwa. Wao pia walijaribu matete na chokaa na mbolea. Hadi sasa wanapampu na kutia chokaa kila siku, nchi tajiri. Samadi yetu itaisha nguvu, miaka michache, itabidi itolewe nyeusi na shaba ndani yake na iwekwe nyingine. Mtaro utazibwa na udongo kila msimu. Kwa hivyo nimemwomba asitupe pesa ya mradi mpya, atupe ya jembe, karatasi, brashi na usafiri wa sampuli, kidogo kila mwaka. Hajajibu.

Jana mdudu wa kutembea juu ya maji, kwa kibwawa cha togo. Mmoja. Nilimwita Dani aje amwone, alikuja na fimbo, akainama muda mrefu, hakusema kitu.

2 Agosti

Kijito kikiingia mtoni: 6.3. Januari ilikuwa 3.4.

Mvua za vuli zinakuja Oktoba na chumvi imeanza kuota tena juu ya lundo, nimeona kijani upande wa mashariki. Kabla ya hapo lazima dimbwi la kutulia liwe tupu, liweze kubeba mvua ya kwanza yote, hiyo moja, ile ya ningu. Zile zingine ndogo samadi itazimudu.

Tope linatolewa Jumamosi, saa moja asubuhi kabla ya jua. Anayekuja avae gambuti na glavu, asije na mtoto, na wenye wilibaro walete, tuko na mbili tu na moja haina gurudumu.